Mama Alivyojifunza Sumo

Mama yangu ananyoosha mashuka ya hospitali kwa mashine ya pasi. Tangu nipate akili namjua hivyo: anarudi miguu imevimba, anajitupa kwenye kochi na kitambaa chake kichwani, anasema, "Leo nimechoka mpaka kope." Ndiyo salamu yake. Sasa mtu wa namna hiyo aliponiomba nimtafutie sumo kwenye simu, nilidhani joto la ile mashine limempanda kichwani.

"Sumo ipi tena, Mama?"

"Kwani ziko ngapi? Wale wanaume wanene wa Japani wanaosukumana. Hebu acha maswali, nitafutie."

Chanzo ni mdogo wangu. Yuko hukohuko Japani, kwenye kiwanda cha kufungasha chakula. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Jumapili, wanaongea mpaka sikio la Mama linapata moto. Baadaye simu zikaanza kusinyaa. Umekula? Nimekula. Kazi? Ipo. Haya Mama, nimechoka. Kwisha. Mama anabaki anaitazama simu, kama vile bado kuna maneno yamebaki humo ndani.

"Mwanangu ananitoka," aliniambia siku moja, wazi kabisa. "Hajanichukia. Ila hatuna cha kuzungumza. Yeye hajui tena habari za huku, na mimi sijui za kwake. Mwisho atakuwa ananisalimia tu kama jirani." Akaona dawa ni kujifunza kitu cha huko aliko.

Mimi nilinuna. Kwa nini yeye, na uchovu wote ule, ndiye ahangaike? Si huyo bwana mkubwa ndiye angejitahidi kidogo? Mama akaichukua simu. Alivaa miwani.

Basi akaanza. Nilimwonyesha video fupi za mapambano ya kila siku, zenye maelezo ya Kiingereza. Kiingereza cha Mama ni kile cha kwenye maboksi ya sabuni, lakini alikaza macho. Kuna mzee mmoja huko ughaibuni anayesimamisha picha na kuchora mishale, anaonyesha mguu ulikosea wapi; huyo Mama alimpenda, maana haongei haraka. Kuna karatasi ya vyeo, inatoka kabla ya kila mashindano, majina ya wakubwa yameandikwa makubwa juu, ya wadogo chini kabisa mithili ya sisimizi. Sisi tuliipata iliyotafsiriwa. Mama alikuwa akilala na simu kifuani, karatasi hiyo ingali wazi.

Tena akajiunga na kundi la mashabiki wa nchi nyingi, wanaandikiana kila siku. Humo kuna amri moja: usitaje aliyeshinda mpaka watu wote wapate nafasi ya kuangalia, kwa kuwa mwenzako saa hizo yuko kazini au amelala. Mama, wapi! Mapambano yanaangukia muda wake wa chai, anayaona moja kwa moja akiwa amekaa juu ya furushi la mashuka. Siku ya kwanza tu akawabandikia, kwa herufi kubwa: MAGOTI KASHINDA! Jamani, alivyosemwa! Bahati yake wengi hawakujua Kiswahili. Waliojua wakawatafsiria wenzao, moto ukawaka upya. Aliyemtetea ni mwanamke mmoja dereva wa basi, sijui wa nchi gani, na tangu hapo akawa ndiye mwalimu wake.

Magoti ni jina alilobandika Mama, ila shabiki yeyote angemtambua. Ni mpiganaji mtu mzima, magoti yote mawili yamefungwa bandeji, akichuchumaa unaona uso unavyokunjamana. Aliwahi kuwa juu, akaumia, akashuka. "Huyu anasimama kazini kama mimi," Mama alisema. Kule kazini wenzake wakaanza kumwita Mama Sumo. Hakujali. Alikuwa amechoka kuliko zamani, macho mekundu, na bado anauliza kwa nini wapiganaji wanarusha chumvi uwanjani kabla ya kukamatana.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya mashindano. Magoti akishindwa siku hiyo, cheo kinashuka tena. Akashinda. Mama hakuandika kitu kwenye kundi, alijizuia, habari hiyo aliiweka kwa ajili ya mwanawe. Alasiri simu ikalia, Mama akaiweka spika.

"Baba, umemwona yule mwenye bandeji leo?"

"Nani, Mama?"

"Yule wa sumo! Kalitoa nje lile jitu!"

Mdogo wangu akasema, taratibu, "Mama, mimi sijawahi kuangalia sumo."

"Hata siku moja?"

"Nikitoka kazini nalala. Sijui hata wanachezea wapi."

Nilimwona Mama midomo ikimcheza. Hasira zikanipanda. Miezi yote ile! Nikanyoosha mkono nimpokonye simu nimpe huyo mtoto vidonge vyake. Mama akanipiga kibao mkononi.

"Basi nikusimulie?" akamuuliza.

"Nisimulie, Mama."

Akaegemea kochi, akaanza. Akamweleza duara la udongo, na jinsi wawili wanavyochuchumaa wakitazamana, na kwamba hakuna kuanza mpaka wote wawili waguse chini kwa mikono. Akamweleza kuwa mshindi hacheki wala harukiruki.

"Kwa nini hacheki?"

"Mwenzake si yupo palepale, anamwona? Atajisikiaje?"

"Nani kakufundisha yote haya?"

"Dereva wa basi."

Mdogo wangu akacheka. Alicheka vile alivyokuwa akicheka hapa nyumbani, mpaka anakohoa. "Endelea," akasema. Mama akaendelea na karatasi ya vyeo, na mzee wa mishale, na alivyosemwa kundini. Huko upande wa pili majibu yakawa mafupi: eeh, mmh, mm. Halafu hakuna. Halafu tukasikia mkoromo.

"Kalala huyo," nikasema. "Umerusha chumvi yote bure. Kata simu, bando linaisha."

Mama hakukata. Aliisogeza simu ikagusa shavu, akafumba macho.

"Mama, hakusikii."

"Najua hanisikii," akanong'ona. "Nyamaza. Mwanangu leo amelala nyumbani."

Nje majirani walikuwa wanabishana kwa sauti. Nikainuka, nikafunga dirisha.