Marahaba, Kaa Chini

Jambo hili nikilikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu, kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu.

Mke wangu Ester anafundisha Kabwe, kule ziwani, mimi nafundisha huku Mpui kwenye baridi, na tulipokuwa pamoja tulikuwa tukiangalia komedi moja ya walimu na vituko vya ofisini kwao, ambamo kuna mwalimu wa kike akiingia tu anamsalimia mwenzake kwa utani, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya kitoto, basi Ester akaidaka, kila nikirudi nyumbani ananipokea nayo, nami najibu, "Marahaba, kaa chini." Alipohamishwa nikabaki na komedi.

Naiangalia kwa ubora wa chini kabisa (bando la mwalimu mnalijua), picha inakuwa kama uji, yule mwalimu wa kike ni doa la bluu tu linalotembea, na kusema kweli sikutaka aonekane zaidi ya hapo, maana doa halina sura, nikawa nampa ya Ester.

Sasa siku hiyo, mapumziko ya chai, ofisini, nikasema niangalie kidogo tu, hedifoni masikioni, kichwa nimekiinamisha mezani (kosa lenyewe ndilo hilo). Sikusikia mlango. Sikuona kwamba wenzangu wote wamesimama kumwamkia Afisa Elimu Kata, mzee anayekaribia kustaafu, aliyekuja na barua yangu ya kuomba uhamisho nimfuate mke wangu Kabwe, barua niliyoihangaikia mwaka mzima. Doa la bluu likasema, "Shikamoo mwalimu." Nami, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya darasani kabisa:

"Marahaba, kaa chini."

Nilipoinua macho mzee alikuwa mbele yangu, kofia mkononi. Akavuta kiti polepole, akakaa.

"Nimekaa, mwalimu," akasema. "Nilikuja tuzungumze hii barua, ila naona una kazi." Akairudisha kwenye mkoba. "Tutaonana muhula ujao."

Nilimpa shikamoo kama kumi hivi, mpaka nyingine nikampa akiwa ameshapanda pikipiki, akaziitikia zote kwa upole, na mkoba haukufunguka.

Jioni nikampigia Ester kumsimulia. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka (ningefanyaje), halafu akauliza, "Kwa hiyo ni muhula ujao?" Nikasema ndiyo. Nikawa nasikia upepo wa ziwani kwenye simu, kisha akasema polepole, "Shikamoo mwalimu."

Hedifoni nimeshazigawa, na ofisini siangalii tena kitu, hata nilipwe. Lakini jioni ile, marahaba niliyompa mzee wa watu bila kuombwa, nilishindwa kumpa mke wangu.