Fundi Aliyehamishwa

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na insha yake ya Kiingereza imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika habari za bibi yake mzaa baba, na kila mahali pa "shi" ameweka "hi", hata mama wa watu akaonekana ana ndevu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akanuna. Nikamwambia mwanangu, hilo si kosa lako, ni mdomo wetu. Huku kwetu Karagwe, uwe unasema Kinyambo, Kihaya au Kiswahili, mtu ni mtu. Amekuja, amekula, amependa. Kama ni mwanamume au mwanamke, utajua ukimwona. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kujificha humo humo, na siku niliyotakiwa kutoka nikatoka vibaya. Kaa nikusimulie, si habari ndefu.

Nililelewa na bibi kijijini Nyabiyonza, kwenye kibanja cha migomba na mibuni iliyopandwa na babu ambaye sikumkuta. Kazi zake unazijua kama ulikulia huko: kuanika kahawa asubuhi, kuianua mbio mawingu yakijikusanya, kutandaza nyasi chini ya migomba, kumenya ndizi mpaka vidole viwe vyeusi kwa utomvu. Bibi alikuwa na sheria yake kwamba masikio yakiwa kazini mikono isipewe likizo. Ndiyo maana hata tulipokwenda kwa jirani kutazama video alibeba beseni lake la ndizi na visu viwili, kimoja changu. Wenzangu walinicheka sana kwa hilo. Lakini jioni kwetu chungu kilikuwa jikoni mapema, wao bado wanahangaika na kuni.

Jirani mwenyewe alikuwa mtu wa maabara pale zahanati. Hakuwa mwenyeji, alikuja na kazi, akapanga nyumba ya bati iliyopakana na kibanja chetu, na watu wakamwita Bwana Maabara. Alikuwa na sola, televisheni ndogo, deki, na sanduku la sidii za tamthilia moja ya chombo cha angani. Moja tu! Jumapili baada ya ibada alifungua mlango na madirisha, anayetaka aingie, na tuliingia mpaka wengine wakakaa juu ya mitungi yake ya maji. Tamthilia ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha kasi ile alikijua yeye peke yake. Basi alisimama pembeni ya televisheni na kututafsiria, mkono mmoja mfukoni, sauti ileile aliyoitumia kukuambia una malaria.

Ndani ya chombo kulikuwa na watu wengi, ila sisi tulikuwa na wawili wetu. Mmoja rubani, mkali, hacheki ovyo. Mwingine fundi wa mitambo, mpole, kila siku ana grisi shavuni. Wanaume wote wawili. Waligombana kila sidii na kila sidii mmoja akamtoa mwenzake kwenye kifo. Siku moja chumba cha mitambo kilishika moto, rubani amemfuata fundi humo ndani, moshi umetanda, fundi anamgeukia na kusema kitu. Bwana Maabara akatoa mkono mfukoni. Kisha akatafsiri: "Anasema, bila wewe siendi popote."

Ndugu yangu! Bibi akaacha kumenya.

"Waitu," akasema, "hawa wamenywana, hawa."

Kwa asiyejua, kunywana ni undugu wa kuchanjiana, omukago, kama walivyofanya wazee wetu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Wawili wanachanjwa, kila punje inapakwa damu ya mmoja, kila mtu anameza ya mwenzake. Basi mmefungana mpaka kaburini. Nyumba yake ni yako, na ukimsaliti tumbo litavimba. Bibi alilisema kama anayesema mvua imenyesha. Bwana Maabara hakulijua neno hilo. Alipoelezwa aliinama akaanza kufuta deki ambayo haikuwa na vumbi.

Nimekuja kuitazama tena ile sehemu ukubwani, kwenye simu, nikiwa na Kiingereza changu cha kutosha. Fundi pale anasema, "Funga huo mlango, moshi unaingia." Basi. Nilirudisha nyuma mara nne. Yale maneno mengine yote yalikuwa ya Bwana Maabara.

Sidii ya mwisho ilikuwa imekwaruzika. Fundi ameachwa kwenye sayari ya vumbi jekundu, rubani ameamriwa aondoke, mkono wake uko kwenye usukani, halafu picha ikakatika vipande vipande na haikurudi. Tuliisafisha kwa kanga, kwa pamba ya zahanati, mwingine akashauri dawa ya meno. Wapi! Nilirudi nyumbani nikakataa kula. Bibi akaniambia, "Kama hujui walivyoishia, si uwaishie mwenyewe?" Aliongea kwa kuchoka na kununa kwangu, lakini mimi nililichukua kama agizo.

Nilikuwa kidato cha pili. Nikachukua kaunta buku ya jiografia, nikaigeuza kichwa chini, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Rubani alikataa amri, akageuza chombo, akamkuta fundi hai. Chombo kikaharibika kabisa, wakabaki huko huko. Vumbi lao lilikuwa jekundu kama la kwetu, kwa hiyo nikawapandia migomba, maana sikujua watu wanakula nini kingine. Nikawapa na mbuni mmoja. Ulipozaa wakachuma tunda la kwanza, wakagawana punje. Nikaandika waziwazi kwamba rubani alimpenda fundi na fundi alimpenda rubani, wakazeeka pamoja. Sikuona ajabu yoyote. Ndivyo Bwana Maabara alivyokuwa ametutafsiria.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa Bwana Maabara. Alikaa na kaunta buku siku tatu, akairudisha mbele ya bibi ikiwa imefungwa kwa gazeti.

"Mwandishi," akasema, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, "umewaandika vizuri hawa watu. Usiwabadilishe."

Kila Jumapili akawa ananiuliza habari zao kama watu waliohamia kijiji cha pili. Wanaendeleaje? Fundi bado anakohoa? Nani anapika? Nikamwambia wanapika kwa zamu. Akacheka mpaka akavua miwani. Sikuwahi kumwona akicheka vile, kwa sababu kwa kawaida alikuwa mtu wa peke yake. Alikuwa na rafiki, dereva wa lori la ndizi, aliyekuja kila mwisho wa mwezi na kulala kwake siku mbili tatu. Bibi aliwapelekea olubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Kisha dereva akaacha kuja. Kisimani watu walisema, mtu mzima ana kazi, ana sola, haoi ana nini? Mimi sijui. Hata leo sijui, na simsingizii mtu. Nasema nilichoona: kwamba mambo ya rubani na fundi yalimgusa kuliko yalivyonigusa mimi niliyeyaandika.

Shuleni kaunta buku ilizunguka darasa hadi darasa. Na hapo ndipo mdomo wetu ulipofanya kazi yake. Waliotazama video walijua ni wanaume wawili. Wasiotazama, ambao ni wengi, walisoma "alimkumbatia", "alimlilia", wakaamua wenyewe kwamba fundi ni msichana. Kuna waliomlilia kabisa. Mmoja aliniuliza fundi anasukaje nywele huko kwenye vumbi. Sikumsahihisha. Nilisema moyoni, maandishi hayana kosa, mwenye kusoma na asome.

Mwalimu wetu wa Kiswahili akaikamata chini ya dawati, akaisoma, akaipenda. Alikuwa mtu wa mbali, alikuja kwetu kikazi, na alipenda lugha kwa dhati. Aliniita ofisini akasema hadithi hii utaisoma kwenye mahafali ya kidato cha nne, mbele ya mgeni rasmi na wazazi. Hakuna mtoto wa kidato cha pili aliyewahi kusimamishwa siku hiyo.

"Ila mpe jina huyu mke wa rubani," akasema. "Wazazi watachanganyikiwa."

"Si mke, Mwalimu. Ni mwanamume."

Mwalimu aliweka kalamu mezani. Hakufoka, ningependelea angefoka. Aliuliza polepole kama najua ninachosema. Nilitaka kumwambia omukago, lakini shuleni mambo ya kuchanjana damu yalihesabiwa ushenzi, na nikamwonea bibi yangu aibu. Nikasema sijui.

"Mpe jina la kike," akasema, "au tutafute mwingine wa kusoma."

Nilikuwa na wiki nzima ya kufikiri. Ungedhani nilikesha? Nililala vizuri tu. Nilitaka kusimama pale mbele, na nilijiambia ni jina tu, herufi chache. Nikamwita Neema. Jumapili Bwana Maabara alipouliza wanaendeleaje, nikamwambia wazima, utawasikia kwenye mahafali. Siku yenyewe akanyoa, akapiga pasi shati jeupe, akaja. Alikaa benchi moja na bibi.

Nilisoma vizuri, siwezi kusema uongo. Neema alikuwa na gauni la maua na sauti nyororo. Wale wa video walipiga miluzi, "Neemaaa!" wakagongana mabega kwa kicheko. Wazazi walipiga makofi. Mgeni rasmi alinipa kamusi na mkono. Nilitazama kwenye benchi nikamwona Bwana Maabara anapiga makofi kama wengine, taratibu, akiangalia viatu vyake.

Tulirudi nyumbani watatu, yeye akikokota baiskeli. Bibi alikuwa hajaelewa, na bibi asipoelewa jambo hulisema kwa sauti.

"Na yule mwanamume yuko wapi?" akauliza. "Yule fundi wangu. Nimesubiri mpaka mwisho, hakutokea."

Mimi nikaikumbatia kamusi yangu.

"Amehamishwa, Mama," akasema Bwana Maabara.

"Amehamishwa! Bila kuaga?"

Tulitembea mpaka njia panda, tukiusikia mnyororo wa baiskeli. Akamuaga bibi kwa heshima zote, kisha akanigeukia mimi.

"Soma kwa bidii, binti," akasema.

Binti. Kama anavyomwita kila mtoto anayekuja kutobolewa kidole. Niliingia ndani nikalia, na bibi akadhani ni furaha ya kamusi.

Hakunikasirikia, laiti angekasirika. Jumapili alifungua mlango kama kawaida, akarudia sidii zilezile, akatafsiri kama kawaida. Lakini sasa alitafsiri kilichosemwa na hakuongeza neno. Funga mlango. Leta bisibisi. Watu wakaanza kupungua, wakasema tamthilia imechuja. Mimi niliendelea kumenya ndizi. Kila wiki niliazimia kumwambia na kila wiki nikasema wiki ijayo. Kabla kahawa ya mwaka uliofuata haijaiva, barua yake ya uhamisho ikaja, na ilisemekana aliiomba mwenyewe. Alikuja kumuaga bibi asubuhi nikiwa shule.

Sasa bibi hayupo. Mibuni ya babu iling'olewa, migomba ikapigwa na mnyauko, na nyumba ya bati ina wapangaji wasiojua habari za sola wala deki. Kaunta buku iliishia kufungia karanga. Hata Mwalimu simlaumu. Alikuwa na yake ya kuogopa. Ila ninapokumbuka ile benchi, moyo unaniuma mpaka leo, na nasema wazi: nilikuwa na mtu mmoja aliyenielewa, nikamwacha kwa ajili ya makofi.

Mwaka jana nilimtafuta. Nyabiyonza hawamkumbuki. Mzee mmoja akasema wilaya ilipogawanywa watumishi wengi walipelekwa wilaya mpya ya Kyerwa, nikapanda bodaboda hadi huko, nikauliza zahanati mbili. Ya pili walimjua. Alistaafu hapo, anaishi mbali kidogo, hupita mara chache kusalimia. Simu yake hawakuwa nayo. Dada wa mapokezi alikuwa mwema, akachana karatasi akasema niache ujumbe, akija watampa. Nikampa jina langu na namba, nikamwambia aandike: Fundi alikuwa mwanamume.

Akaandika. Kisha akainua uso. "Fundi gani, dada? Wa umeme?"

Nikamwambia aandike hivyo hivyo, ataelewa. Simu yangu huwa siizimi. Hajapiga.