Mashine ya Saba na Maneno ya Karto

Siku yangu ya kwanza ya kazi pale Uvira, Shefu wa santa, kituo chetu cha hesabu, hakunionyesha hata kiti. Alinisimamisha mbele ya ordinateri, yaani kompyuta, kumi na mbili zilizounganishwa kwa nyaya. "Mama, unaona nini?"

"Ordinateri, Shefu."

"Hapana. Ni ordinateri moja yenye vichwa kumi na viwili."

Nilicheka, kisha nikataka kujua. Kila mashine ikiamka inajikagua: niko na prosesa ngapi, niko na memwari kiasi gani? Halafu inamuarifu mkubwa wao, ile inayogawa kazi. Mkubwa analinganisha jibu na fishie, ile orodha tuliyoandika sisi kwa mikono. Mashine ikitaja pungufu, anaiweka kando. Ati chuma kinajihesabu! Nilizisoma zile taarifa kila asubuhi hata kabla ya chai.

Mwaka mmoja tulikuwa tunakokotoa ramani ya mafuriko. Mvua ilikaribia, na dada yangu wa Makobola alinipigia kila siku: "Tuhame ao tubaki?"

"Ngoja ramani, dada. Siku mbili tu."

Asubuhi tuliyoanza hesabu, mashine ya saba ikatangaza nusu ya memwari. Nilikasirika. Minye mwenyewe niliitoa katika karto, lile boksi lake la dukani, na karto iliandikwa memwari kamili. "Weye ni muvivu tu," nikaiambia. Nikamwamuru mkubwa aamini fishie, asiisikilize mashine. Siku ya pili, karibu na kumaliza, hesabu ikatafuta memwari isiyokuwepo, ikakufa yote.

Shefu akaja. "Nani alihesabu memwari?"

"Karto, Shefu."

"Na karto iko inafanya kazi hapa?"

Nikachukua bisibisi. Kufungua mashine, barete moja, kile kijibao cha memwari, ilikuwa imelegea, ina vumbi. Nikaipangusa, nikaisukuma mpaka ikalia ta! Mashine ikaamka, ikataja memwari yote.

Tukaanza upya, siku mbili zingine. Ramani ilipotoka, kiwanja cha dada kilikuwa chekundu, rangi ya pahali maji yatafika. Nikampigia mbio. Alipokea akilia: maji yalikuwa yameingia jana, yeye na watoto wako juu mlimani, nyumba imekwenda.

Sasa niko pansioni, nimestaafu, na dada anaishi kwangu. Hajanilaumu hata mara moja. "Ilikuwa mvua," anasema. Namwitikia ndiyo, lakini zile siku mbili ni zangu.