Kiti ya Mugeni

Mimi sikusoma mingi, munivumilie nikipotea njia kidogo. Ile wakati bunduki zilikuwa zimenyamaza hapa Bunia, lakini hakuna mutu alikuwa analala amevua viatu. Baba ya watoto yangu alikwenda kuchimba zahabu, akabakia uko uko. Basi nikaanza kwenda Mahagi kununua samaki ya kukauka, nakaa juu ya mizigo ya lori. Shofere wetu alikuwa anaomba Mungu kila tukifika Djugu, macho yote mbili amefunga, na siye uko juu tunamubembeleza afungue hata moja. Tulikuwa tunacheka. Kisha nakumbuka watoto, kicheko inakauka mu kinywa.

Niliwaachia mudogo yangu, dada tuliyenyonya ziwa moja. Kila safari nilikuwa najiuliza nani anawagusa kichwa kama wako na homa.

Siku moja nikarudi, mvua imenilowesha mpaka mifupa. Binti yangu akaniona pa mulango. Hakukimbia. Alikwenda kuchukua kiti, ile ya wageni, akaipanguza na kitambaa. Akaleta maji ya kunawa. Nikafikiri, mudogo yangu anawalea muzuri. Nikakaa. Akaniuliza:

"Mama, kwenu habari gani?"

Kwenu. Nikamwambia kwetu ni hapa. Akanitazama na heshima, kama vile wanatazamaka mutu aliyekosea nyumba.

Nikamufuata mudogo yangu kwenye jiko, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamuuliza kama ni yeye alimufundisha ile neno. Hakuacha kutwanga.

"Walikuwa wanalia, yaya, mukubwa yangu. Kila ukienda wanalia mpaka wanatapika. Nikawaambia weye iko mugeni. Mutu haliliaka mugeni."

"Na mama yao iko nani?"

Nikamunyang'anya muchi, nikatwanga miye mwenyewe, majani inaruka inje ya kinu. Nyuma yangu binti yangu akasema polepole:

"Acha, mama. Mugeni hatwangaka sombe."

Nilimukasirikia mudogo yangu miaka na miaka, na hasira haijaisha. Mukono moja ulinyamazisha watoto yangu, na ule mwingine ukanitoa mu nyumba. Na ubaya ni kwamba nilipanda tena lori, sababu walipaswa kula, na safari ile hakuna mutoto alilia.

Mwaka jana ile binti alizaa. Kwetu mama ndiye anaitwaka kuosha mutoto na kumupikia muzazi. Nilikunja vitenge yangu, nikaweka pembeni ya mulango, nikangoja. Wakamuita mudogo yangu. Mimi waliniita kisha, kitovu ya mutoto imekwisha kuanguka. Nilipofika, kiti ilikuwa imekwisha kupanguzwa.