Kumaliza Matanga ya Mzee Aliye Hai

Kazi ya kuandika wasia imenizoesha ukaidi wa wazee, lakini yule fundi magari mstaafu wa Cibitoke alinishinda. Alitaka nyumba yake aachiwe binti yake, aliyemuuguza na kuvumilia injini kuukuu ya lori aliyoiweka mzee sebuleni. Kwetu nyumba ya baba hurithiwa na watoto wa kiume, naye alikuwa nao watatu, kila mmoja na mdomo wake.

"Tuandike wasia," nikamwambia.

"Apana, Maître. Nikikufa watasema akili ilikuwa imeniruka. Mi nataka waseme nikiwa nasikia."

Basi akaitisha kuganduka, ile siku ya kumaliza matanga, familia inapotangaziwa nani karithi nini. Kuganduka kwake mwenyewe! Nilimkatalia, hata nikamfokea. Jumamosi nikajikuta uani kwake, faili mapajani, na mwenye matanga anagawa Fanta.

Nikasimama, na kwa mazoea yangu mabaya nikaanza, "Tumekutana kumkumbuka marehemu..."

"Endelea," akasema marehemu.

Dada yake akaangua kilio cha kweli. Ilituchukua nusu saa kumbembeleza, na mzee ndiye aliyemfuta machozi.

Nikasoma hati. Haikuwa wasia tena, ilikuwa zawadi: nyumba ingekuwa ya binti leo leo, wote wakitia saini. Mtoto mkubwa akainuka.

"Baba, desturi yetu inasema..."

"Nililala kitandani miezi mitatu. We ulikuja mara ngapi?"

Akafikiri, akakaa. Nikampa kalamu kabla hajafikiri zaidi. Wadogo zake wakafuata, baba yao amewakazia macho, na binti akatia saini mwisho.

Mzee akainuka, akaenda mpaka mlangoni mwa nyumba, akavua viatu.

"Hodi, mama. Mi naweza kukaa kwako?"

Tukacheka sote. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika viatu vyake nje ya mlango kama mgeni, na hapo nikaona aibu kwa kicheko changu.

Binti akamwendea mlangoni.

"Karibu, baba. Lakini ile injini italala inje."

Kaka zake watatu wakaibeba wakihema. Mzee akawaonyesha pa kuishika, kisha akarudi mlangoni, viatu mkononi, akangoja aambiwe akae wapi.