Maneno Kumi na Mawili ya Yaya

Nikikumbuka jambo lile nikiwa nachagua sombe, majani ya mihogo, sokoni, namjibu muuzaji vibaya, na yeye hana kosa lolote.

Yaya, dada yangu mkubwa, ni mjane. Mume wake alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe mpaka kifua kikamshinda, akaacha nyumba inayovuja na akiba ndogo ya kununua mabati. Mwenzake wa kwaya akamwonyesha programu ya simu ya kutunza sarafu za mtandaoni, eti humo akiba haipotezi thamani kama faranga. Yaya akaniomba niipime kama inaaminika, maana nina kabini ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, na katika ukoo wetu hiyo ni sawa na shahada.

Nilichukua siku nne. Programu ilikuwa na nyota tano na sifa tele. Nikanunua sarafu kidogo, zikaingia upesi. Nilipotaka kuzitoa, mtu aliyejiita mhudumu akaniandikia kwa adabu nyingi nimtumie yale maneno kumi na mawili niliyopewa siku ya kujiandikisha, ili ahakikishe ni mimi. Maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Aliye nayo ndiye mwenye pesa. Nilikasirika, nikakataa. Mwizi wa sokoni angalau hukimbia, hawa wanakutakia siku njema.

Nilifunga kabini mchana huohuo, nikaenda kwa yaya. Nilimkuta anaanika mihogo. Hakuwa amenisubiri: alishaweka akiba yote humo, na asubuhi hiyo aliwatumia wahudumu hao maneno yake yote kumi na mawili bila kukosea hata moja. Hakikubaki kitu. Nikafoka, nikamuuliza ni mtu gani mzima anayempa mgeni siri yake.

Aligeuza mihogo yake mpaka nikamaliza.

“Weye unatuulizaka code kila siku pale kabini, na tunakupa,” akasema. “Bale nabo banasema ni ba agent kama weye. Miye nilifanya tu vile tumezoea.”

Foleni ikiwa ndefu, ni mimi ninayewahimiza wateja wanitajie namba zao za siri ili tuwahi.

Kesho yake baba mmoja kutoka Buluo alinipa simu na kutaja namba yake kabla sijaomba, watu wote wakisikia. Nikamrudishia abonyeze mwenyewe. Akaudhika, akasema nimeanza maringo.

Juma lile mvua ya kwanza ilinyesha. Niliisikia vizuri, juu ya bati langu lisilovuja.