Likelemba ya Karata

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye uwanja wa ndege wa Luano nikisubiri ndege iliyochelewa. Mnaijua Luano: ndege ikichelewa, mtu anamaliza kuijua familia nzima ya jirani yake wa kiti, hadi shemeji zake. Nyuma yangu alikaa mtoto akichezea simu ya mama yake, na simu ile ikatoa mlio wa kengele ndogo tatu, kila moja juu kidogo ya mwenzake. Sikugeuka kutazama. Viganja vyangu vilikuwa vimeshaanza kutoka jasho, mtu mzima mimi, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

Mlio ule ni wa zawadi. Katika mchezo wa karata wa kwenye simu tuliocheza utotoni, kengele hizo zilimaanisha kwamba kuna mtu amekutumia karata. Mtoto mwingine angezisikia akafurahi. Mimi kuna likizo kubwa moja nilizisubiri hadi usingizi ukanikimbia, na kwa kuwa hazikulia, bado nazisikia kwa hofu.

Tulikuwa watoto wachache wa barabara moja pale Kamalondo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na simu yake. Tulicheza kwenye simu za mama, za baba, za dada aliyetoka kazini amechoka. Ukifungua mchezo mara ya kwanza unapewa pakiti ya kuanzia, nawe unachagua moja: ya moto, ya upepo, ya udongo au ya maji. Pakiti hizo zilikuwa mbovu zote kwa usawa. Ndani yake kulikuwa na askari wasiojua kupigana, mbuzi mmoja ambaye hadi leo sijui alikuja vitani kutafuta nini, na majitu makubwa yenye gharama ambayo huwezi kuyatoa mpaka umeshakufa. Kazi yote ya mchezo ilikuwa kuiboresha pakiti hiyo, unaondoa mnyonge mmoja, unaingiza karata ya maana, polepole. Ungeweza kununua karata kwa pesa, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo nyumbani kwao.

Kiongozi wetu alikuwa Patient, mkubwa wetu kwa umri, ambaye hakuwahi kuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alikuwa akikaa juu ya kazie, kreti ya chupa iliyopinduliwa, miguu ameikunja kama mwenyekiti wa mkutano. Siku moja alitutangazia mpango wake.

"Bamama banafanya likelemba ya franga," alisema. "Shiye tutafanya ya karata."

Likelemba tuliijua, mama zetu wote walikuwa nayo sokoni. Kila wiki kila mmoja anatoa pesa, na mmoja wao anakula zote, hadi zamu imzungukie kila mtu. Mchezo uliruhusu kumpa rafiki karata, na ukishaitoa imetoka, hairudi. Kwa hiyo tukakubaliana: kila Jumamosi kila mtoto atoe karata moja nzuri, zote ziende kwa mwenye zamu, naye aboreshe pakiti yake kwa mara moja badala ya kuhangaika miezi.

Ubishi ulikuja kwenye kupanga zamu, kwa sababu ya Rehema. Rehema alikuwa mgeni kwetu. Baba yake, fundi wa nguo, mtu wa Maniema, alikuwa amehamishia cherehani zake mtaa wa pili muda si mrefu, na Rehema alichezea simu ya baba huyo. Alikuwa amechagua pakiti ya maji, iliyo ngumu kuliko zote, na alishindwa na kila mtu, kwa adabu, bila kulalamika. Aliomba ale wa kwanza.

"Mugeni anakulaka wa mwisho," Patient alisema. "Njo sheria. Kama anakula na anakimbia, tutamufata wapi?"

Hiyo ndiyo sheria ya mama zetu pia. Mgeni hali mwanzo, labda apatikane mtu wa kumsimamia. Na anayemsimamia, mgeni akitoroka, hutoa kwa ajili yake kila wiki hadi mzunguko uishe. Mimi nilikuwa na mdomo mwepesi kuliko akili.

"Minamusimamia," nilisema.

"Akikimbia, njo weye utatoa?"

"Njo miye."

Patient aliniandikia zamu ya mwisho, maana wa kusimamia hawezi kula kabla hajathibitisha mtu wake. Sikujali. Jumamosi ile Rehema akala, na sisi wawili tukakaa kwenye kizingiti cha karakana ya baba yake, miguu yetu ndani ya vipande vya vitenge, tukiijenga upya pakiti yake. Harufu ya mafuta ya cherehani na ya nguo mpya ilikuwa imejaa. Mdogo wake wa kiume, Idi, alikuwa mgongoni mwa mama yake akitutazama kwa macho makubwa. Nilitaka tuingize kila karata yenye nguvu. Rehema alikataa. Aliondoa majitu, akaweka samaki wadogo wa bei nafuu, na katikati yao akaweka karata moja tu ya kutisha, Wimbi, iliyotolewa na Patient mwenyewe huku akiguna. Wimbi likipiga, kila kitu kilichoko mezani kinarudi mkononi mwa mwenyewe, na jasho lako lote linakuwa bure.

Nikamwambia alitoe mapema, awatishe.

"Bado," alinijibu. "Acha batoe byote kwanza."

Hivyo ndivyo alivyocheza tangu siku ile. Alinyamaza, akapigwa kidogo kidogo, akakungoja umwage kila ulichonacho, ndipo Wimbi likaja. Alianza kutushinda sisi sote, na mimi nilijivuna kana kwamba nimemzaa.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo Rehema hakutoa.

Ilikuwa katikati ya likizo, baridi ile yetu ya Julai, vumbi jekundu hadi kwenye kope na moshi wa majani yaliyochomwa. Shule zimefungwa, hakuna pa kukutana. Tulisubiri hadi jioni. Jambo lililonichoma ni kwamba kwenye mchezo, pembeni ya jina lake, ile taa ya kijani ilikuwa imewaka. Rehema alikuwa anacheza. Tuliona hata ushindi wake na kushindwa kwake vikiongezeka. Nilimwandikia, sikujibiwa. Nikamwandikia tena nikimbembeleza anitumie mimi hata karata moja nimtolee, kisha nikamwandikia kwa hasira, halafu nikaomba radhi kwa hasira ile. Taa iliendelea kuwaka.

"Anatuona," Patient alisema. "Anatuona na anacheka."

Nilikwenda kwao. Lango la lupango, ua wa nyumba yao, lilikuwa na kufuli, karakana imefungwa, na dirishani niliona cherehani imefunikwa shuka. Kesho yake nikarudi, hali ile ile. Patient alishapata jibu: wamehama, wameenda Kasenga, kuna mjomba wao anauza samaki kule. Alilisema kwa uhakika wa mtu aliyewabebea mizigo.

Nikatoa. Nilitoa ya kwangu na ya Rehema, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kwanza zilikwenda karata zangu nzuri nilizozipata kwa jasho, kisha zile za wastani, na pakiti yangu ya udongo ikarudi nyuma hadi ikawa mbovu kuliko nilivyopewa siku ya kwanza. Nilishindwa na kila mtoto. Lakini niwaambie ukweli, karata zenyewe hazikuniuma sana. Kilichonikosesha raha ni swali moja tu: je, yule niliyemsimamia mbele ya watu ni mwizi? Kama ni mwizi, basi vile vicheko vya kizingitini navyo vilikuwa uongo, na mimi sijui kumtambua mtu. Nililibeba swali hilo mezani, nikalibeba kanisani. Nilikuwa nikiikodolea taa ya kijani hadi macho yakatoa machozi. Niliacha kula ugali wetu, bukari.

"Huyu mutoto iko na minyoo," Mama alisema, akaninywesha dawa ya minyoo, chungu ajabu, na nikainywa yote bila kujitetea.

Mwishowe nikaamua kumwalika Rehema mchezoni. Niliogopa kuliko siku ya mtihani. Nilijiambia atakataa, na akikataa nitajua. Lakini mwaliko ulikubaliwa papo hapo, bila hata kusita, na mezani ikatokea ile pakiti ya maji niliyoijenga kwa mikono yangu. Samaki wadogo wale wale.

Nikatoa mbuzi wangu. Sikuwa na cha maana zaidi.

Naye akatoa Wimbi.

Wimbi lote, karata ya kutisha, kwa ajili ya mbuzi mmoja, mchezo haujaanza vizuri! Mbuzi akarudi mkononi mwangu, na mimi nikabaki nimeishika simu ya Mama kwa mikono miwili. Raundi iliyofuata alitupa samaki wake wote kwa mkupuo bila mpango wowote. Rehema angekubali kukatwa mkono kuliko kucheza hivyo. Nilijikuta nasema kwa sauti, peke yangu jikoni, kwamba huyu si yeye. Kuna mtu mwingine ameshika karata zake.

Sikumaliza mchezo. Nilikimbia hadi mtaa wa pili, kandambili moja ikanikatikia njiani nikaibeba. Safari hii lango lilikuwa wazi nusu. Mlangoni mwa nyumba kulikuwa na viatu vingi vya kike vimepangwa, na ndani wanawake walikuwa wakiongea chini chini. Nilivipita viatu hivyo. Rehema alikuwa uani, ameinama kwenye ungo, anachambua mchele.

"Rehema! Nani iko anacheza na karata yako?"

Alisimama. Alikuwa amekonda. "Sijue," alisema. "Papa aliuzisha telefone. Balimupeleka Idi lopitalo, njo akaiuzisha ile siku."

"Na haukumuambia atoshe muchezo kwanza?"

"Ningemuambia nini?" Alizungumza kwa sauti ndogo, akitazama nyumba. "Nimuambie, Papa ngoja, kuko karata ndani?"

Nikacheka kwa raha. Naye akajaribu kucheka. Kisha akaniambia, "Unisamehe, Kapinga. Karata yenu yote ilienda," na mimi nikampa mkono, nikaondoka mbio, kwa sababu nilikuwa na habari ya kuutangazia mtaa mzima.

Sijui kama mnaijua furaha ile. Nilirukaruka barabarani na kandambili yangu mkononi, naimba. Rehema si mwizi! Hakutoroka, hakutucheka, taa ya kijani ilikuwa ya mtu baki asiyejua hata kucheza. Patient nilimkuta juu ya kazie yake, nikamtangazia mbele ya wote, naye akakuna kichwa, akasema basi tutaanza upya. Nilifika nyumbani nimevimba kwa ushindi. Mama alikuwa anaosha sufuria, nami nikamsimulia yote kwa mkupuo mmoja: likelemba, Wimbi, mbuzi, na jinsi nilivyomtambua mtu kwa karata moja tu, na jinsi fundi alivyouza simu siku Idi alipopelekwa hospitali.

Mama aliacha kusugua.

"Idi njo nani?"

"Ndugu yake mudogo. Ule mutoto wa ku mugongo."

"Na iko namna gani?"

Habari za wagonjwa kwetu zilifika kupitia kanisani, zao zilizunguka msikitini, na daraja pekee kati ya nyumba mbili zile lilikuwa mimi, na mimi sikuwa nimeuliza. Mama hakunigombeza. Alijifuta mikono, akajifunga kitenge cha pili, akatoka, sufuria ameiacha na povu lake. Nilimwona akipinda kona kwa haraka ambayo sikuizoea kwake.

Idi alipona, baada ya muda mrefu na wa mashaka, na leo ni kijana mrefu anayegonga kichwa chake kwenye kila mlango. Rehema na mimi bado tunatembeleana, na hatujawahi kuizungumzia siku ile. Nimeielewa polepole, kila nilipokaa mwenyewe kwenye kiti cha hospitali nikisubiri daktari atoke. Nilitambua mtu mgeni kutokana na karata moja iliyotupwa vibaya, lakini viatu vile mlangoni sikujua kuvisoma. Na rafiki yangu, ambaye nyumba yao nzima ilikuwa imezuia pumzi kwa ajili ya mtoto wao, alisimama uani akaona aibu juu ya samaki wa kwenye simu, akaniomba radhi.

Na mimi nilimwambia nimemsamehe.